Mgeni wa Kila Jioni

Machi 10

Tadeo ameleta kompyuta. Ameibeba begani kutoka kituoni, ameifunga kwa gunia la sukari isilowe, na mvua yenyewe bado haijaanza. Nikamwambia, "Baba Mathew, umeibeba kama mtoto aliyelala." Hakucheka. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya.

Shajara hii naiandika kwa sababu nimewapa darasa la sita kazi ya kuandika ya kwao kwa masika yote, na sipendi kumtuma mtoto kazi nisiyoifanya. Basi nianze ninavyowafundisha: nani, wapi, kuna nini. Mimi ni Beatrisi, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nguvumali. Tadeo mume wangu alikuwa fundi umeme wa ofisi ya shamba la mkonge. Amestaafu, sasa anatengeneza feni na pasi za watu barazani. Mwana wetu ni mmoja, Mathew. Mwaka juzi aliondoka na Tahiri, mtoto wa jirani yetu Sabra, wakidandia malori kwenda kutafuta kazi Afrika Kusini. Ujumbe wake wa mwisho ulitoka Msumbiji. Tangu hapo kimya, yeye na mwenzake.

Picha yake tumeituma kwenye makundi ya WhatsApp mpaka tumechosha watu. Kule picha inazama kwa siku mbili, juu yake wanaweka matangazo ya harusi. Nataka ukurasa wetu wenyewe, ukae palepale, mtu yeyote popote alipo akiutafuta aione sura ya mwanangu na namba yangu ya simu. Tungeweza kukodi nafasi kwenye mashine za watu huko nje. Tadeo amekataa. "Mwanangu hapangi chumba kwa watu," amesema, "atakaa kwake."

Machi 13

Amekuja Khozema, mwenye duka la kompyuta mjini, mtoto wa marehemu mzee Hasanali. Nilimfundisha hesabu za jioni alipokuwa mdogo, na mpaka leo akiingia kwangu ananiamkia shikamoo huku ameficha mikono nyuma, akidhani nitakagua kucha. Amefunga, midomo imemkauka, lakini amekaa nasi mchana kutwa.

Ametueleza kwamba kompyuta peke yake haitoshi. Inataka programu ya seva, yaani bawabu: mtu akibisha kutoka nje, bawabu anampa ukurasa na kumwandika kwenye orodha ya wageni.

"Hapa mna njia mbili," akasema. "Kuna seva imo humuhumu ndani ya Windows, kuiwasha tu. Kuna na Apache, hiyo twaipakua, na ina faili lake la kuandika kwa mkono. Ukikosea herufi moja, inagoma."

Tadeo akataka ya kwanza. Anapenda kitu cha kuwasha.

"Ila mzee," Khozema akasema, "Windows hizi za mezani zina kikomo. Ile seva yao yahudumia watu kumi kwa mpigo. Wa kumi na moja angoje."

"Watu kumi kwa mpigo watoke wapi? Sisi si benki."

Nikauliza, "Na kama huyo wa kumi na moja ndiye aliyemwona?"

Tumechukua Apache.

Machi 15

Apache imekataa kuwaka. Khozema akasoma maandishi mekundu, akasema mlango wa 80, ambao wageni wote huupitia, umeshikwa na programu nyingine. Tumetafuta mpaka nikataka kulia. Kumbe ni Tadeo. Jana, nikiwa shule, aliiwasha ile seva ya Windows kimyakimya, ajaribu, kisha akaiacha hivyo hivyo. Huyu mwanamume hasemi. Miaka yote hii bado namkuta kafanya jambo tayari, kakaa pembeni anasubiri niligundue.

Imezimwa, Apache ikawaka. Kwenye lile faili kuna mstari unaoanza na neno Listen. Khozema aliuandikia kwanza anwani ya mashine yenyewe. "Twajaribu humu ndani kwanza," akasema. "Ikiwa hivi, bawabu anamjibu aliyekaa kwenye kiti hiki tu. Wa nje abishe mpaka achoke." Mathew akatokea, amesimama mbele ya duka na shati lake la bluu, juu yake nimeandika ANATAFUTWA. Kisha Khozema akaifuta ile anwani, akabakiza 80 peke yake. "Sasa dunia nzima." Tadeo akamwomba amwonyeshe tena pale, anafuta nini na anabakiza nini. Akaonyeshwa.

Akaniachia na onyo: nikifungua ukurasa hapa nyumbani nami naandikwa mgeni, kwa alama hii, ::1. "Hiyo ni wewe, mwalimu. Usijihesabu."

Machi 19

Wageni thelathini, na mimi sijajihesabu. Mama mmoja kanipigia kutoka Songea, hamjui Mathew, kapiga aniombee tu.

Machi 24

Simu kutoka kwa kijana anayesema Mathew yuko jela na yeye anaweza kumtoa. Nilimuuliza mwanangu ana kovu wapi. Akakata. Nimelia kidogo, kisha nikasahihisha madaftari.

Machi 31

Idi. Sabra ameleta pilau, tukala wote barazani. Yeye na mimi huwa tunagawana matumaini: wiki nikiwa chini yeye ananiinua, wiki akiwa chini mimi. "Wako pamoja wale," amesema. "Wangu hamwachi wako." Jioni mvua ya kwanza, kubwa.

Aprili 3

Jana Tadeo alikwenda Ushongo, kijiji cha ufukweni; kaka yake Sabra alimwita akatazame jenereta ya nyumba ya wageni. Amerudi leo amelowa mpaka mifupa, hataki kula. Amesema ni homa. Nilipotoka jikoni nilimkuta amekaa kwenye kompyuta, amenipa mgongo, anaangalia kama maji yameingia. Nikamwambia maji hayaingii kwa kuangaliwa, aende akalale.

Aprili 5

Simu yangu haikulia jana wala leo. Kwenye orodha, tangu juzi wageni wote wametoweka. Hata alama yangu mimi haipo. Nimemuuliza Tadeo, akasema ameiondoa, "si uliambiwa usijihesabu?" Kabaki mmoja tu, mpya, anaandikwa 127.0.0.1.

Aprili 6

Mvua.

Aprili 9

Huyu mgeni ananishughulisha. Kila jioni nikikaa kufungua ukurasa, nikiangalia orodha, naye amekuja saa ileile. Nilidhani ni hitilafu. Lakini asubuhi pia anakuja, saa nne, saa tano, na saa hizo mimi niko darasani na chaki mkononi. Kwa hiyo kuna mtu. Watu wote wamenichoka, huyu hachoki.

Sitaki kuandika ninachofikiri.

Aprili 11

Naandika. Nafikiri ni yeye.

Aprili 14

Mlima umeporomoka, barabara ya Amani imekatika. Gari haipandi wala haishuki. Kule ndiko anakokaa shemeji yangu mkubwa, Anselmi, kaka yake Tadeo, analima iliki. Nimesikitika kama mtu anavyosikitikia barabara. Lakini Tadeo alipopata habari aliketi chini, kwenye saruji, katikati ya vyuma vya feni. Nikamuuliza kama kaka mtu ameumia. Hapana, mzima. "Basi unalilia kifusi?"

Aprili 16

Sabra ananikwepa. Leo ameleta vitumbua, ameviweka kizingitini, amesema ana haraka. Nikamshika mkono nimweleze habari za mgeni wangu. Akasikiliza akitazama miguu yake. Kisha akaniambia, "Da Beatrisi, we kula tu, ule upate nguvu," akaenda zake mvuani bila hata kujitanda. Sijui nimemkosea nini. Au labda ameona wivu, mgeni wangu ana dalili na wake hana. Nimejilaumu kwa kuwaza hivyo, lakini nimewaza.

Aprili 20

Pasaka. Baada ya misa padri alinishika mkono muda mrefu kuliko desturi. Watu wa jumuiya wamenisalimia mmoja mmoja, hata wale tusiopatana. Nyumbani nimekuta Tadeo ameleta gunia la mchele, amefunga turubai uani, anapima nguzo kama fundi wa harusi. Nilipouliza akasema masika haya hayana mwisho, lazima tuwe na pa kukaa wageni.

Wageni gani? Sikuuliza. Nimeelewa, nikafurahi. Juzi nilimwambia kuhusu mgeni wa 127.0.0.1, alinisikiliza mpaka mwisho, akalia. Sasa anaandaa uani. Na yeye anaamini. Miaka mingi nimemwona mume wangu ni mtu mkavu, leo nimemwona kwa jicho jingine.

Aprili 24

Nimeongeza mstari chini ya picha. Nimejifunza kuandika ukurasa mwenyewe sasa, Tadeo hagusi. Nimeandika: *Mathew, kama ni wewe unayekuja, kesho njoo saa moja jioni. Usiseme kitu. Njoo tu.*

Aprili 25

Nimeoga, nimevaa kitenge kizuri. Shuleni leo sikumgombeza mtoto hata mmoja, wakaogopa. Saa moja kasoro nilikuwa kwenye kiti. Mvua inapiga bati hata sisikii taarifa ya habari ya jirani. Ilipofika saa moja kamili nikafungua ukurasa, nikamtazama, nikamwambia, "Haya baba, mimi nipo." Kisha nikafungua orodha.

Amekuja. Saa moja kamili.

Nimelia mpaka pua ikaziba. Nimefungua tena, naye akaja tena. Nikafungua mara ya tatu, akaja mara ya tatu. Nikamwita Tadeo, nikamwonyesha, nikamwambia, "Ananijibu. Yuko mahali hawezi kusema, lakini ananijibu." Tadeo alikaa nyuma yangu akaniwekea mkono begani, mkono wote ukiwa mzito. Halafu akatoka uani na simu, akasimama chini ya turubai lake, na kwa jinsi alivyolazimika kushindana na mvua nilimsikia akipaza sauti. "Kaka, shuka. Shuka hata kwa miguu. Siwezi tena."

Furaha ikizidi mtu mmoja huita ndugu zake. Ndivyo nilivyojieleza. Naandika nilivyojieleza.

Mei 2

Mvua. Mgeni kaja mara nne.

Mei 6

Mvua. Darasa limevuja, tumesomea wawili wawili chini ya mabati mazima. Mtoto mmoja kaniuliza, "Mwalimu, shajara ikiwa haina jambo tuandike nini?" Nikamwambia aandike mvua.

Mei 10

Leo nilikwenda dukani kwa Khozema. Nilitaka kitu kimoja tu: nimesikia kila anwani ya mtandao ina nchi yake, ukiipima unajua mgeni yuko wapi. Nilitaka kujua nchi. Niliiandika kwenye kiganja, nikafunga mkono njia nzima isilowe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nitazamie huyu yuko wapi."

Nikafungua kiganja. Akakitazama, akatabasamu, akadhani namtania. Alipoona sitanii, tabasamu likamtoka.

"Mwalimu, hii haina nchi. Hii ni mashine yajiita yenyewe. Kila kompyuta duniani ina hii. Huyo ni wewe, umekaa nyumbani kwako."

"Mimi ni ile ya nukta nne na moja. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Mlango ukiwa wazi, ndiyo. Lakini kwenye ule mstari wa Listen wakiandika anwani hii, mlango unafungwa kwa nje, na wewe unaandikwa hivi." Akakitazama tena kiganja. "Mimi niliifuta. Nani kairudisha?"

"Na asubuhi?" nikamuuliza. "Asubuhi mimi niko darasani."

Akainama akaanza kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimepangwa.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimefungua lile faili. Sikuhitaji kulitafuta sana, mstari uko juu: *Listen 127.0.0.1:80*. Kumbe tangu siku ile ya Ushongo mwanangu hajaonekana na mtu yeyote. Mama wa Songea angemtafuta asingemwona. Na saa moja ile, na kitenge kile, nilikuwa najiita mwenyewe na kujiitikia.

Tadeo alikuwa barazani. Nilikwenda kumsimamia juu ya kichwa. Nilitaka kumpiga kwa feni iliyokuwa miguuni pake, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

"Umemfungia mwanangu mlango."

Hakukana. Aliweka bisibisi chini.

"Kuna watu wangepiga simu," akasema. "Watu usiowajua. Ungeipokea ukiwa darasani, mbele ya watoto."

"Wangeniambia nini?"

"Mama Mathew, nakuomba. Mngoje kaka afike."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwao kina Tadeo habari za namna moja tu ndizo zinazomngoja kaka mkubwa. Mtu akipata mtoto, akipata kazi, husema mwenyewe, tena kwa kelele. Habari ile nyingine mama hapewi na mdomo mmoja. Hupewa asubuhi, watu wameketi, mkubwa wa ukoo akiwa mbele yake. Najua. Mimi mwenyewe nilikaa kitako hivyo walipomwambia mama yao habari za mdogo wao.

Sikumuuliza tena. Turubai, mchele, padri, vitumbua, vyote vikapita mbele yangu kwa zamu. Mtaa mzima ulikuwa ukinihifadhia jambo langu, na mimi nilikuwa nawatembezea habari za mgeni.

Mei 11

Halijasemwa. Kwa hiyo halijawa. Nimepika, tumekula.

Mei 13

Namchukia. Alinitazama nikiandika ule ujumbe. Alinitazama nikivaa.

Mei 14

Mvua imepungua. Nasikia watu wameanza kukivuka kifusi cha Amani kwa miguu. Nimeomba mvua irudi.

Mei 17

Wamekuja asubuhi. Shemeji Anselmi kashikiliwa na kijana huku na huku, matope mpaka kiunoni, viatu kavifunga shingoni. Kashuka mlima na umri ule. Sabra alikuwa nyuma, na padri, na watu wa jumuiya, wote wakaketi chini ya turubai bila kuambiwa pa kuketi.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, mama. Kaa. Kaa karibu yangu."

Nilikaa. Kisha wakamleta Tahiri. Alikuwa Ushongo kwa mjomba wake muda wote huu, kulekule Tadeo alikoitiwa jenereta, amekonda, hana sura ya mtoto tena. Shemeji akasema maneno yanayosemwa, kwa utaratibu wake, na mimi nikayapokea kwa utaratibu wake. Nilikuwa nayajua, na bado yalinikata.

Tahiri akaeleza. Homa, siku chache tu, mji mdogo wa Msumbiji ambao hata jina alilitaja kwa kusitasita. Madereva na wenzao walichanga sanda, wakamzika nyuma ya kanisa. Mwaka jana, mwezi wa nane. Yaani hata kompyuta ilipokuja imefungwa gunia, mwanangu alikuwa chini siku nyingi. Baadhi ya waliomzika walikuwa wameuona ukurasa, wakawa wanaulizana nani apige ile namba. Ndiyo maana Tadeo aliufunga.

"Alivaa nini?" nikamuuliza Tahiri.

"Lile shati la bluu, mama."

Nikasema ahsante. Sijui kwa nini nilisema ahsante.

Mei 20

Tumeanua matanga. Wameondoka na masufuria yao. Sabra kabaki, tumelala chumba kimoja. Mwanawe yuko hai na ananionea aibu kwa hilo. Nimemshika mkono. Sina kinyongo naye. Kwa mume wangu sijui bado.

Mei 26

Jua. Darasa la sita wamekusanya shajara zao. Wengi wameandika mvua.

Mei 27

Khozema amekuja kutoa pole. Kabla ya kuondoka akauliza kwa adabu, seva aifute, au aufungue mlango tena watu wasome tangazo la msiba? Tadeo akasema, "Muulize mama yake." Nikasema aache kama ilivyo. Hakuna wa kumi na moja ninayemngoja.

Neno ANATAFUTWA nimelifuta mwenyewe, na ule ujumbe wa saa moja. Imebaki picha.

Mei 29

Nimepitia orodha yote tangu Aprili. Nilitaka kuona nilivyojidanganya, nimalizane nalo. Jioni ni mimi, hizo nazijua. Lakini asubuhi zile. Saa nne, saa tano, siku zote za shule, hakuna siku iliyorukwa, kuanzia kesho yake ya Ushongo. Mimi niko darasani, nyumbani yuko mtu mmoja, anatengeneza feni.

Alikuwa akisubiri niondoke, anaingia ndani, anamtazama mwanawe. Peke yake, na habari yote tumboni, kaka yake ng'ambo ya kifusi, na mimi jioni nikirudi na furaha zangu. Nilimwita mtu mkavu.

Nilitoka barazani. Alikuwa ameshika pasi ya mtu.

"Baba Mathew," nikamwambia, "kesho usifungue peke yako. Ningoje."

Akaiinamia ile pasi. "Haya," akasema.

Mei 30

Saa moja jioni nimeongeza kiti. Tumemfungua, tumemtazama wawili. Kwenye orodha ameandikwa mgeni mmoja.